Cheti Kikifika Ughaibuni, Nani Anakisemea?

Kazi yangu ni vyeti vya watu. Niko ofisi ya msajili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na saa nyingi za siku huishia kwenye maombi ya wahitimu wetu waliotawanyika duniani: Toronto, Leeds, Leipzig, Minneapolis, Doha. Wote wanataka transkripti zao, yaani karatasi rasmi za masomo na alama, zitumwe. Wengine huandika barua pepe, wengine humtuma mdogo mtu na risiti ya benki, wengine hupiga simu usiku wa manane kwa sababu huko waliko ndiyo kwanza wametoka kazini. Ukisikiliza simu hizo kwa muda unaanza kuelewa vizuri jinsi elimu ya mtu wa huku inavyopokelewa huko, na pia kwa nini wengi wetu tunalizungumzia jambo hili kwa uchungu mwingi na taarifa kidogo.

Nianze na bahasha. Taasisi za kutathmini vyeti, kama WES iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974 na ambayo Watanzania wanaokwenda Kanada wanaijua sana, hazitaki transkripti itoke mkononi mwa mhitimu. Lazima itoke chuoni, ama kwa njia ya mtandao ama kwenye bahasha iliyofungwa. Ikiwa ni bahasha, tunaweka karatasi ndani, tunabandika, kisha mkuu wa kitengo anasaini pale kwenye mkunjo ili nusu ya saini ikae kwenye mfuniko na nusu kwenye bahasha yenyewe. Muhuri unapigwa hapohapo juu, tarehe inaandikwa, halafu selotepu ya kuangaza inapita juu ya vyote. Mzee mmoja alisafiri kutoka Mbagala kuja kuchukua bahasha ya binti yake, akapita steshenari kuitoa kopi kwanza ili abaki na kumbukumbu nyumbani. Aliifungua vizuri kwa wembe, akairudishia kwa gundi. Ilipofika ng'ambo ikakataliwa, na ilikuwa haki yao kuikataa. Yule mzee alishangaa kwa dhati: karatasi ni zilezile, saini ni ileile, kimebadilika nini?

Kimebadilika aliyezishika. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, na hakuna anayemwambia kijana hivyo siku ya mahafali. Kile cheti kizuri cha kutundika sebuleni hakijisemei kikivuka mpaka. Kinasemewa na ofisi iliyokitoa, na ofisi hiyo nayo inahitaji kuwa inajulikana na yule anayeuliza.

Historia ya hapa kwetu inaonyesha hivyo waziwazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Kijana wa miaka ile ya mwanzo alisoma hapahapa, akapanda mabasi ya hapahapa, na shahada yake ikawa na jina la London. Shahada hiyo haikuhitaji mtu wa kuieleza kwa Waingereza. Aliyemfuata miaka kumi baadaye, huenda chini ya mwalimu yuleyule, akabeba karatasi yenye jina la Dar es Salaam na akaanza kuulizwa maswali. Akili ya mwanafunzi haikushuka mwaka 1970.

Kuna mengine madogo ambayo huumiza watu kimyakimya. Alama, kwa mfano. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A inaanzia 70, na 60 hadi 69 ni B+. GPA, yaani wastani wa alama, inahesabiwa juu ya 5, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Sasa mpe transkripti hiyo Mmarekani aliyekulia kwenye A ya 90 na GPA ya 4. Akiona 68 kwenye somo la miundo ya majengo, anasoma mtu aliyeponea chupuchupu, wakati darasani kwake huyo alikuwa miongoni mwa wale wa kuigwa. Maelezo ya madaraja yamechapishwa nyuma ya transkripti. Na nyuma ndiko ambako watu hawaskani! Nimepoteza hesabu ya mafaili niliyotumiwa yakiwa na kurasa za mbele tu, safi kabisa, na ufunguo wa kuzisoma umeachwa mezani kwa mwenye steshenari.

Kuna pia miaka. Shahada zetu nyingi za sanaa na sayansi ni miaka 3, Marekani na Kanada kwa kawaida ni 4. Asiyejua kwamba kabla ya chuo mtoto wetu amekaa kidato cha tano na cha sita, akichimba masomo matatu kwa miaka miwili, atahesabu vidole na kusema umepungua mwaka. Waingereza nao wana shahada za miaka 3 na hakuna anayewaambia wamepungua.

Kaka yangu yuko Kanada. Ni injinia wa ujenzi, shahada ya miaka 4, amesajiliwa hapa nyumbani na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kabla hajaondoka alikuwa amesimamia makalvati na madaraja madogo mikoa ya kusini kwa miaka mingi. Alipoanza mchakato wa Express Entry, mfumo wa kuchagua wahamiaji ambao Kanada iliuanzisha Januari 2015, vyeti vyake vilitathminiwa na ripoti ikasema shahada yake ni sawa na shahada ya Kanada. Sawa kabisa, bila nyongeza. Katika hesabu ya pointi za mfumo ule, shahada ya kwanza humpa mwombaji asiye na mwenza pointi 120. Mama alipika pilau siku ile. Tulidhani jambo la elimu limekwisha.

Alipofika, waajiri wakamwuliza kama ana leseni ya uhandisi ya huko na kama ana uzoefu wa Kanada. Akatoa ile ripoti. Wakamwambia ile ni ya uhamiaji. Na ni kweli, ripoti yenyewe imeandikwa hivyo: ni kwa ajili ya uhamiaji, haimpi mtu haki ya kufanya kazi katika taaluma inayosimamiwa na bodi, na hata kwa uhamiaji inakubalika kwa miaka 5 tu. Kwa hiyo shahada ileile iliyomhesabia pointi mlangoni, ndani ya nyumba haikuhesabika. Serikali kuu ndiyo inayochagua nani aingie. Bodi za taaluma ziko chini ya majimbo na zina vigezo vyake, na kati ya hao wawili hakuna anayewajibika kwa ahadi ya mwenzake. Kaka aliajiriwa kuchora mifereji ya maji ya mvua kwenye kompyuta, chini ya injinia aliyezaliwa mwaka ambao yeye alikuwa anamaliza kidato cha nne. Aliniambia kwenye simu, "Mdogo wangu, kazi si mbaya na kijana ananiheshimu. Ila michoro yangu anaisaini yeye."

Sentensi hiyo imenikaa. Kwa injinia saini ndiyo taaluma yenyewe.

Hadi Mei 2023, jimbo la Ontario lilimtaka mwombaji wa leseni ya uhandisi awe na angalau miezi 12 ya uzoefu uliopatikana Kanada, chini ya mhandisi mwenye leseni ya huko. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilikuwa imeshasema mwaka 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada, kwa mtazamo wa kwanza, ni ubaguzi. Ikachukua miaka 10 bodi ya wahandisi kuliondoa sharti hilo, na ilikuwa ya kwanza kati ya bodi za uhandisi za nchi ile. Naiheshimu hatua hiyo. Lakini hesabu ni wangapi walizeeka ndani ya miaka hiyo 10, maana huwezi kupata uzoefu bila kazi, na kazi bila uzoefu hupewi.

Mchumi Philip Oreopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto alilipima jambo hili kwa njia ambayo kila mzazi anayeuza kiwanja ili mtoto aende nje angepaswa kuisikia. Alituma maelfu ya wasifu wa kubuni kwa waajiri wa eneo la Toronto, akachapisha matokeo mwaka 2009. Wenye majina ya Kiingereza, elimu ya Kanada na uzoefu wa Kanada waliitwa kwenye usaili kwa kiwango cha asilimia 16. Wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, elimu ya kwao na uzoefu wa kwao, asilimia 5. Aliporekebisha wasifu wa hao wa pili ili uzoefu wao uwe wa Kanada, walipanda hadi 11. Waombaji waliotoka Uingereza hawakuwa na tofauti na Wakanada. Na kwa wale wenye miaka 4 hadi 6 ya kazi za Kanada, shahada kuwa ya Kanada au ya nje hakukubadilisha kitu.

Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: mara nyingi mwajiri hajaipima shahada ya mgeni na kuiona pungufu. Hajaipima kabisa. Ameona jina, ameona mji asioujua, akageuza ukurasa. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema dawa ni kurudi darasani kuchukua shahada nyingine huko. Kwa wengine ni lazima, kwa sababu bodi imetaka hivyo. Lakini wapo waliotumia akiba yote kununua karatasi ya pili yenye maarifa yaleyale, wakati walichokosa ni mtu mmoja wa kuwapa kazi ya kwanza.

Wauguzi wana mzigo wa aina nyingine, wa saa. Anayetaka kufanya mtihani wa leseni Marekani, mara nyingi vyeti vyake hupitia CGFNS, taasisi ya kutathmini vyeti vya wauguzi iliyoanzishwa mwaka 1977 na ambayo siku hizi inaitwa TruMerit, na fomu inayotufikia sisi inauliza: saa ngapi za nadharia na ngapi za vitendo, kwa kila eneo. Magonjwa ya ndani na upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. Mhitimu wa mwaka 1996 anahitaji namba hizo, na namba hizo ziko kwenye mwongozo wa chuo wa mwaka 1996, na mwongozo huo uko stoo, chini ya maboksi ya karatasi za mitihani. Kuna siku nimekaa sakafuni na mwenzangu tukifungua maboksi hayo hadi jua likazama, tukaupata, kurasa zimekuwa za rangi ya chai lakini zinasomeka. Zoezi la wodi ya wagonjwa wa akili: wiki kadhaa, saa zimeandikwa. Dada huyo alipata namba yake. Kama tusingeupata, angeandikiwa kwamba hakusoma afya ya akili, ingawa alisoma na aliwahudumia wagonjwa.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema wazungu wanadharau elimu yetu, naitikia nusu. Dharau ipo, takwimu za Toronto zinaionyesha. Lakini ipo pia barua pepe iliyotoka ng'ambo kuuliza kama fulani alihitimu kweli, ikakaa bila kujibiwa kwa sababu aliyekuwa anaisoma amestaafu. Chuo kisichojibu kinamuua mhitimu wake. Nalisema hili kwa wenzangu wa ofisi za usajili kila ninapopata nafasi, na nalisema hapa pia.

Juu ya Kiingereza nitapita haraka kwa sababu hasira itanipeleka mbali. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, tasnifu ni Kiingereza. Bado mtu analipia IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, na matokeo yake hukubalika kwa miaka 2, kana kwamba lugha inachacha. Katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawahitaji kuthibitisha Kiingereza chao kwa ajili ya viza, hakuna nchi hata moja ya bara la Afrika.

Kitu ninachokitaka kipo tayari kimeandikwa, tena na Wazungu wenyewe. Mwaka 1997, mjini Lisbon, nchi za Ulaya zilikubaliana mkataba wa kutambua elimu ya juu, na ndani yake mna kanuni ninayoipenda kuliko zote: sifa ya mtu itambuliwe, isipokuwa pale ambapo inaonyeshwa kuna tofauti kubwa ya msingi, na mzigo wa kuionyesha tofauti hiyo uko kwa anayekataa. Mwombaji analeta nyaraka zake kwa uaminifu. Ukitaka kumkatalia, sema kwa nini. Ujerumani iliipa kanuni hiyo meno kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2012: mwenye taaluma kutoka nje ana haki ya kupimwa, jibu linatakiwa ndani ya miezi 3 nyaraka zikishakamilika, na kama kuna pungufu, anaandikiwa ni lipi. Muuguzi anaambiwa, umepungukiwa na mafunzo ya eneo hili na hili. Chagua, mafunzo ya kujaziliza au mtihani wa maarifa. Simaanishi kwamba Ujerumani ni peponi. Kijerumani cha ngazi ya B2 kinawatoa watu jasho, wengine hukaa miezi mingi wakifanya kazi za usaidizi wodini huku wakisubiri, na ofisi za majimbo zinatofautiana. Lakini mtu aliyeandikiwa pungufu lake anajua aanzie wapi kesho. Kaka yangu kwa miaka alipokea "tumechagua mwombaji mwingine".

Sasa turudi Sinza, mtaani kwetu hapa Dar es Salaam.

Jirani yetu mmoja ni mama kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ameolewa hapa, watoto wake wanasoma shule ya mtaani kwetu, na kwao alikuwa muuguzi wa ngazi wanayoiita A1, yaani miaka 3 ya chuo baada ya sekondari. Amezalisha wanawake kuliko anavyoweza kukumbuka. Hapa anauza vitenge. Alipopeleka vyeti vyake kwenye ofisi moja inayohusika, faili lilirudi na mstari mmoja: haikidhi vigezo. Vigezo vipi, haikuandikwa. Alipouliza dirishani akaambiwa alete uthibitisho kutoka chuoni kwake. Amewaandikia. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na barua pepe zake hazijajibiwa hadi ninapoandika.

Watu wa mtaani wanamwonea huruma, lakini nimewasikia pia wakisema, tena watu wenye ndugu Kanada, kwamba vyeti vya Kongo huwezi kujua. Tunasema hivyo kwa wepisi gani! Ndilo neno lilelile alilosomewa kaka yangu, kwa lugha ya adabu zaidi.

Najua hofu inatoka wapi. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na majina 9,932 yalikutwa na vyeti vya kughushi. Tangu siku ile kila dirisha la nchi hii linaangalia karatasi mara mbili, na ni sawa liangalie. Ila wiki tatu baadaye, tarehe 20 Mei 2017, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana hapahapa Dar es Salaam na kutangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili shahada ya nchi moja isomeke katika nyingine. Kongo iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2022. Na mapema zaidi, tarehe 5 Desemba 1981, mkataba wa kwanza wa nchi za Afrika wa kutambuliana elimu ya juu ulipitishwa Arusha na ukapewa jina la mji huo. Baadaye ukafanyiwa mapitio ukawa Mkataba wa Addis Ababa wa 2014, na Machi 2023 ukaanza kutumika mkataba wa UNESCO wa dunia nzima. Mikataba tunayo. Wenzetu wa Zambia mwaka 2019 walikuwa wa kwanza kujaribu pasi ya sifa ya UNESCO, ambapo mkimbizi au mhamiaji asiyeweza kupata uthibitisho wa chuo chake anahojiwa na wataalamu, nyaraka alizonazo zinapimwa, na anapewa hati inayoeleza elimu yake. Norwei walikuwa wameshaitumia njia ya usaili namna hiyo. Mtu anajua alichosomea. Ukimkalisha na wauguzi wawili wazoefu kwa saa moja, ukweli hauna pa kujificha.

Mama wa Bukavu ana vitu vingi kuliko wengi. Ana diploma yenyewe, ana picha za karatasi za matokeo za miaka yote mitatu kwenye simu, na ana daftari la mafunzo ya vitendo, limesainiwa na wasimamizi wa wodi, lenye madoa ya aidini kwenye jalada. Jioni kadhaa tumekaa barazani kwake tukilipitia. Yeye anasoma Kifaransa, anaeleza kwa Kiswahili, mimi naandika: somo, saa za darasani, saa za wodini. Ni fomu ileile ninayowajazia wahitimu wetu wanaokwenda Marekani. Naijua kwa kichwa.

Tumeiambatanisha na barua, na wiki iliyopita tumeirudisha kwenye ile ofisi, tukapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Hatukuomba asajiliwe bila kupimwa. Tumeomba kwamba kama wanaona mafunzo yake yamepungua, waandike ni somo gani na ni saa ngapi, na kwamba kama chuo chake hakiwezi kujibu kwa sasa, wamwite wamhoji.